Alhamisi Dukani kwa Haji Nur

Dahabo amefariki. Nilipigiwa simu saa nne asubuhi nikiwa nachambua mchele, na mjukuu wake akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia hadi akachoka, kwamba wanamzika baada ya adhuhuri, kwa hiyo nisijisumbue kutoka Nairobi kwani sitawahi. Nikamjibu kwamba nitajisumbua nipendavyo. Mazishi sikuyawahi, kweli, lakini kesho yake nilikuwa Garissa, nimekaa juu ya mkeka chini ya turubai pamoja na wanawake wenzangu, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, nikimsikiliza msichana mmoja mwenye simu kubwa akiuliza kama ni kweli bibi aliwahi kutiwa ndani kwa sababu ya shairi. Mama mmoja akadakia kwamba ni kweli, tena shairi lenyewe lilikuwa kali hata wakubwa wakakosa usingizi. Wote wakatikisa vichwa kwa fahari. Mimi nikanyamaza nikanywa chai yangu, maana msibani si mahali pa kusahihishana, na mimi nimesahihisha watu miaka thelathini na mitatu darasani, naujua wakati wa kufunga mdomo. Lakini nimerudi nyumbani na jambo hili limenikaa kooni. Kilichomtia Dahabo ndani si shairi. Ni mwandiko wangu.

Mambo ya nilizaliwa wapi na babu yangu alikuwa nani nitayaacha. Wanaonijua wanayajua, na wasionijua hayatawasaidia kitu. Nitaanza mwaka wa sitini na sita, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu asiye na cheti, asiye na shule vilevile, kwa sababu shule yangu ya mabati nje ya mji ilifungwa watu walipokusanywa katika vijiji vya kulindwa na askari. Haji Nur, mzee wa makamo ya baba yangu, akanikuta sokoni nikiuza mayai, akaniuliza kama sioni haya, mtu mwenye elimu kama mimi kuuza mayai. Nikamwambia njaa haina haya. Akacheka, akaniambia nikabidhi mayai kwa dada yangu na nimfuate. Hivyo ndivyo nilivyoingia duka la vitabu, na ndivyo mji mzima ulivyoanza kuniita Mwalimu, kwa sababu Haji Nur alinitambulisha hivyo kwa kila aliyeingia, hata kwa aliyekuja kuuliza njia tu.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, mawe hadi kiunoni na mabati kutoka hapo kwenda juu, na ifikapo saa saba mchana ungeweza kukaangia yai ukutani. Rafu zilitengenezwa kwa masanduku ya chai, na maandishi ya majani yalikuwa bado yakisomeka ubavuni. Jirani yetu aliuza samli, kwa hiyo kila kitabu kilichotoka mle kilinukia samli, na mpaka leo nikifungua kitabu kisichonukia chochote naona kama kimepungukiwa. Tuliuza misahafu, vitabu vya shule, madaftari, wino na chaki. Kwenye pembe moja kulikuwa na vitabu vya hadithi za Kiswahili ambavyo hakuna aliyevinunua na kila mtu alivisoma akiwa amesimama. Haji Nur hakumfukuza mtu. Alichotaka ni mkono safi tu, na aliweka pipa la maji mlangoni kwa kazi hiyo, na ole wako ukaguse ukurasa na mafuta ya nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaangwa, vidoleni, hapo utamjua.

Yeye aliwahi kukaa Mombasa miaka mingi, na huko aliona duka moja ambalo waandishi waliitwa kuja kusoma kazi zao mbele ya watu, wateja wakauliza maswali, wakanywa kahawa, wakaenda. Jambo hilo lilimwingia akilini likakataa kutoka. Aliamua kwamba Garissa nayo itakuwa na siku kama hiyo, na akachagua Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Mwandishi wa kwanza tuliyempata alikuwa mwalimu kijana wa kutoka bara, aliyeandika riwaya ya mapenzi kwenye madaftari manne na hajapata wa kuichapa. Akasoma kwa dakika ishirini, jasho likimtiririka, juu ya kijana mmoja na binti mmoja waliokutana kituo cha reli. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa mbele akainua mkono akauliza huyo binti ni wa ukoo gani. Mwandishi akasema hakufikiria. Pakawa na manung'uniko. Mwingine akauliza je, huyo kijana, baba yake anafuga nini. Hakufuga kitu. Basi wakaanza wao wenyewe kumsaidia; dakika kumi baadaye binti alikuwa na ukoo, ajuza wa kumlea na ngamia wanane wa mahari, na mwandishi alikuwa akiandika mbio mbio kwenye daftari la tano. Watu walitoka wameridhika sana. Haji Nur alinong'ona kwamba Mombasa hawakuwa na maswali mazuri kama yale.

Lakini waandishi wa madaftari hawakuwa wengi Garissa, na Haji Nur hakuwa mtu wa kusema Alhamisi hii hatuna kitu. Akaanza kuwaita watunzi wetu wenyewe. Hapa nieleze kidogo. Wakati ule Kisomali hakikuwa na mwandiko uliokubaliwa. Mtunzi alikuwa na kazi yake yote kichwani, na shairi lilisafiri kwa vichwa vya watu kutoka Rhamu hadi Hulugho bila kupoteza silabi. Na lilikuwa na sheria. Ukitaka kusema shairi la mtu, kwanza utamtaja aliyelitunga, kisha utalisema kama alivyolisema. Huongezi wala hupunguzi. Kubadilisha neno la mtunzi ilikuwa sawa na kumwekea alama yako kwenye ngamia wake. Watoto wadogo walilijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu.

Upande wetu wa nchi ulikuwa katika hali ya hatari, serikali ikipigana na waasi. Kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, malori ya askari yalipita mbele ya duka tangu alfajiri, na kila mtu alitembea na kipande chake cha kitambulisho mfukoni kama vile bila hicho angesahau jina lake. Mkutano wa watu zaidi ya wachache ulihitaji kibali. Ofisi iliyotoa vibali ilimwambia Haji Nur kwamba Alhamisi zake zinaweza kuendelea kwa sharti moja: chochote kitakachosemwa mle kiletwe kwanza kimeandikwa, kwa Kiswahili, siku tatu kabla. Wazee wakasema basi imekwisha. Nani ataandika shairi la Kisomali kwa Kiswahili? Haji Nur akanyoosha kidole kwangu, na mimi, nisiseme uongo, nilivimba kichwa.

Kwa kuwa mimi nilikuwa fundi wa Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Nilikisoma kwa mwalimu wa bara aliyetucheka darasani kwa sababu lugha yetu haina p wala v. Tulisema baka tukimaanisha paka, na fita tukimaanisha vita, naye akishika mbavu. Nilichukia kicheko kile mpaka nikajitungia dawa. Nilipokuwa naandika kwa uangalifu, kila lilipotaka kutoka b, nilijiambia: subiri, hapo wewe mshamba unakosea, hiyo ni p. Na kila f niliishuku kuwa ni v. Mdomo wangu ulibaki ulivyokuwa, lakini kalamu yangu ilijaa p na v, na nilidhani huko ndiko kujua lugha. Hakuna aliyeniambia vingine, kwa sababu pale mjini aliyejua zaidi yangu alikuwa ama askari ama ameshahamishwa.

Dahabo alikuja dukani mwezi wa saba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, aliyehamishwa kutoka upande wa Hulugho na mbuzi wachache na mama yake kipofu. Nilimwita eddo, shangazi, ingawa hatukuwa damu moja. Alikuwa bingwa wa buraanbur, mashairi ya wanawake, na sifa zake zilitangulia kufika kabla yake. Aliingia, akanawa mikono pipani, akatazama rafu zote kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza waliotunga vyote hivi wako hai au wamekufa. Nikasema wengine hai, wengine wamekufa. Akauliza waliokufa, maneno yao nani anayalinda yasibadilishwe. Nikamwambia karatasi. Akakitikisa kitabu kimoja karibu na sikio lake, akakirudisha. Akasema atajaribu.

Tulikaa siku mbili nyuma ya kaunta, anjera na mchuzi katikati yetu, yeye akisema mstari na mimi nikitafuta Kiswahili chake. Lilikuwa shairi la kuwasifu bibi zetu. Linasema hao ndio waliochimba visima kwa mikono, wakamwacha mgeni anywe kwanza bila kumwuliza jina, na kwamba watu wakitaka kutujua sisi waende wakaviulize visima. Mstari wa kwanza ulitusumbua zaidi. Alitaka neno linalobeba ubora wa tabia, si wa mali. Nikampa: sisi ni watoto wa walio bora. Akanifanya niurudie mara tano. Akaridhika. Nikanakili yote kwa mwandiko wangu wa uangalifu, ule wa sikukuu, nikaweka kaboni chini nibaki na nakala, nikaipeleka ofisini Jumatatu. Kibali kilitoka kesho yake, na nikakibandika mlangoni mwenyewe.

Alhamisi ile duka lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya masanduku ya chaki. Wanawake walikuja wengi kuliko wakati wowote, na nyuma nilisikia wawili wakibishana chini kwa chini kama Dahabo anafunga kilemba chake kwa mtindo wa Hulugho au wa Buna. Haji Nur alizungusha tende kwenye sinia. Dahabo akasimama, akaanza, na nakumbuka chai ilipoa mikononi mwa watu. Alikuwa kwenye ubeti wa tatu pale inspekta alipoingia na askari wawili, karatasi yangu mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza nani kati yetu ni Dahabo. Hakuna aliyejibu, hata yeye, kwa sababu hakuwa amemaliza. Alisema ubeti wote mpaka mwisho huku inspekta amesimama anamtazama, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi." Wakamchukua. Haji Nur aliwafuata mpaka kwenye gari, akisema na kurudia, "Afande, huyu mama ni mtu wa maneno, si mtu wa fita." Akaambiwa aende nyumbani, na kwamba Jumatatu asubuhi kuna msafara wa malori unaopeleka watu kizuizini, mbali, na mama huyu atakuwemo. Ukipelekwa huko, watu wako hawakujua utarudi lini. Mama yake kipofu alikuwa kijijini akimngoja amletee maji.

Ijumaa Haji Nur alifungua duka kama kawaida. Alifagia, akamwagia sakafu maji, akaniambia niandike tangazo la Alhamisi ijayo. Nikamwuliza, adeer, ami yangu, Alhamisi ipi tena. Akasema ile inayokuja baada ya hii. Kisha akafunga mlango kwa komeo akaniambia nilete nakala, tutafute neno lililomfunga. Yeye Kiswahili alikisema lakini hakukisoma vizuri, kwa hiyo nikamsomea kwa sauti. Hatukupata kitu. Nikasoma tena. Visima, bibi, mgeni, maji. Haji Nur akasema hii hata imamu angeweza kuisema juu ya mimbari. Nikasoma mara ya tatu, polepole, na sauti yangu ikasema bora kama ilivyosema mara mbili za kwanza. Ilikuwa baada ya yeye kwenda kusali ndipo nilipoitazama karatasi bila kuitamka, kwa macho peke yake. Niliandika hivi: sisi ni watoto wa waliopora. Ukitaka kutujua, uliza visimani.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Jumatano, siku moja baada ya kibali kutoka, watu walikuwa wamevamiwa kisimani na ngamia wao kuchukuliwa, mji mzima ulikuwa ukilizungumza, na mimi, kwa mwandiko mzuri wa sikukuu, nilikuwa nimempelekea inspekta ungamo lenye jina la Dahabo chini yake. Nitasema ukweli wa nilichofikiria, kwa kuwa nimeshazeeka na haya zimenipungua. Sikufikiria kwanza Dahabo. Nilifikiria kwamba nikisema ni mimi, kuna nafasi kwenye lori kwa ajili yangu pia. Halafu nikafikiria kitu kidogo zaidi, na hiki ndicho kinachoniuma hadi leo: kwamba nikisema, sitaitwa Mwalimu tena. Haji Nur aliporudi nilimwambia kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani. Nilikaa na siri ile alasiri nzima, nikipepeta mtama uliokwisha kupepetwa, mpaka mama akaninyang'anya ungo. Nikalia mbele yake. Nikamweleza. Akaniambia nivae viatu nirudi dukani kabla ya kafyu, nikamweleze Haji Nur, kwa sababu yeye, mama yangu, hajui kusoma na hawezi kunisaidia, lakini anajua kwamba mtu anakaa ndani kwa neno ambalo si lake.

Haji Nur hakunikemea. Aliitazama ile herufi kwa muda mrefu, akaweka kidole juu yake, akaondoa kidole, akauliza kama kweli hicho kijimkia tu kinatosha. Nikasema kinatosha. "Basi kesho tunaenda wote wawili," akasema, "na utasema wewe, kwa sababu Kiswahili ni chako." Sijui kama alikuwa ananikejeli.

Jumamosi tulimngoja inspekta kuanzia saa mbili hadi saa tano kwenye benchi la nje. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, asiye na makuu, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angekuwa mkali. Nikamweleza kwamba neno lile ni kosa langu la kuandika, kwamba mama yule alisema bora na mimi nikaweka p. Akanisikiliza. Kisha akaegemea kiti.

"Sema pora."

"Bora," nikasema.

"Sasa sema bora."

"Bora."

Akanitazama, akamtazama Haji Nur. Nikajaribu tena, nikabana midomo, nikasukuma pumzi mpaka mate yakanitoka, na ikatoka bora ile ile. Akasema, bila ubaya, kwamba kwa hiyo hata kama mama yule alisema pora, mimi ningesikia bora, na yeye hana njia ya kujua. Kisha akaongeza kwamba karatasi haina lafudhi. Akaturudisha nyumbani. Tulipofika dukani Haji Nur akasema kesho tutarudi.

Sikuhitaji kuambiwa. Kitu kilikuwa kimenigeuka ndani, hasira hivi, si ya kumkasirikia inspekta bali ya kukataa kwamba mtu apotee kwa ujinga wangu na mimi nibaki nikiuza wino. Nilikwenda nyumbani nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, nikatoa madaftari yangu ya shule, yale ambayo nilikuwa nimeapa kuyachoma, na kurasa zake zilikuwa na wino mwekundu kama zimechinjiwa kuku. Pahari. Papa kwa maana ya baba. Vundi wa viatu. Mwalimu wetu aliandika pembeni maneno ambayo sitayarudia hapa. Jumapili asubuhi nikayabeba yote kumi na moja mbele ya watu waliotoka sokoni, na nilipofika ofisini nikayapanga mezani kwa inspekta, nikamfungulia kurasa mbaya kuliko zote. Mtu aliyeniita Mwalimu kwa mji mzima, Haji Nur, alikuwa amesimama nyuma yangu akiona.

Inspekta akafunua daftari moja, akafunua la pili. Nikaona mdomo wake ukicheza kwenye papa, lakini akajizuia. Akasema ni kweli, naandika ovyo, lakini anayeandika ovyo si lazima awe anasema kweli, na kwamba hata hivyo ataandika maelezo yangu na kuyatia kwenye faili, wakubwa wataamua, baada ya msafara. Akavuta karatasi. Kalamu yake ikakwaruza ikakataa. Akaitikisa, ikakataa tena. Akaninyooshea mkono bila kuinua macho.

"Nipe karamu."

Nikachomoa kalamu yangu nikampa. Akaanza kuandika. Hapo, wallahi, sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe.

"Afande, umeniomba nini sasa hivi?"

"Karamu."

"Na mimi nimekupa nini?"

Akaitazama kalamu mkononi mwake. Alitoka upande wa nchi ambako l na r ni mtu na ndugu yake, na huenda naye aliwahi kuchekwa darasani, sijui.

"Karamu ni chakula cha arusi, afande," nikasema. "Mbona sikukimbia kumchinja mbuzi? Nilijua unachotaka. Nilikusikia wewe, sikusikia herufi."

Askari aliyekuwa akipiga taipu pembeni akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Inspekta hakucheka. Uso wake ulibadilika rangi, akaiweka kalamu mezani taratibu sana, akasema tutoke nje. Sisi wote wawili. Tukatoka. Kwenye benchi Haji Nur akaniuliza kama nilikuwa lazima niseme lile la mbuzi. Nikasema sijui. Nilikuwa na hakika kwamba nimemzika Dahabo kwa mikono yangu, safari hii kwa mdomo badala ya kalamu. Madaftari yangu yalibaki mle ndani na sikuthubutu kuyarudia.

Jumatatu tulikuwa langoni mapema, mara tu kafyu ilipokwisha. Malori matatu yalikuwa yamewashwa. Watu walikuja kutoka kila upande, wanawake na vibuyu vya maziwa, wazee na misahafu midogo, kila mtu akitaka kumwona wake kabla hajapanda. Askari alisoma majina kutoka kwenye karatasi, akiyatamka kwa shida, na kila jina lilipotamkwa mtu alitoka akapanda na kilio kikaanza mahali fulani kati yetu. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Jina la Dahabo halikusomwa. Lori la mwisho likafungwa, likaondoka, na bado hakuwepo nje wala hakuwepo juu yake, na Haji Nur akaanza kusoma Fatiha kwa sauti ya kunong'ona. Kisha mlango mdogo wa kando ukafunguliwa, ule wa jikoni, akatoka yeye, viatu mkononi, peke yake, na nyuma yake askari wa taipu akiwa amebeba madaftari yangu kumi na moja yaliyofungwa kamba. Akanikabidhi. Inspekta sikumwona siku ile wala siku nyingine.

Haji Nur alimletea maziwa kwenye chupa ya chai. Hakuyanywa. Alitaka kujua neno ni lipi, kwa sababu mtunzi ana haki hiyo, na hakuna aliyemwambia kitu mle ndani. Nikamweleza yote hapo hapo, kwa Kisomali, nimesimama mbele yake kama mtoto: nilichoandika, maana yake, kwa nini nilikiandika, na kwamba nilijua tangu Ijumaa mchana lakini nikasema Ijumaa jioni. Nilibadilisha neno lako, eddo, nikasema. Nilingoja kofi. Nilidhani nalistahili na ningelipokea.

Hakunipiga. Alitazama barabara ambako vumbi la malori lilikuwa bado limesimama. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeokoka. Ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Siku nne," akasema, "nimekaa mle nikiyapitia maneno yangu moja moja, natafuta lililowauma. Nikalipata. Nikasema, hili ndilo, na kama ni kwa hili, nitapanda lori nikiwa nimeinua kichwa. Kumbe halikuwa hilo."

"Halikuwa lako kabisa," nikasema. "Lilikuwa langu."

Akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akafunga kilemba chake upya. Haji Nur akamwambia taratibu kwamba mama yake anamngoja, twende. Yeye akanigeukia mimi.

"Una karatasi?"

Nikasema nilikuwa nayo.

"Andika. Safari hii likiwauma, liwe langu."

Nikakaa mchangani pale pale nje ya lango, askari wakitutazama, nikaliweka daftari juu ya goti, nikamwambia, "Sema, eddo."